Mgeni wa Mashimo Matatu

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili mtu asije akanikumbusha. Nilijaza fomu kwa ukweli mtupu.

Fomu yenyewe ilikuwa kurasa kumi na moja. Niliijazia kwenye kochi nyumbani kwangu Stratford, London, nimetoka shifti ya kulea wazee wa watu, miguu imevimba, na Baba amekaa mkabala nami anasokota kamba yake ya katani. Swali la saba likauliza: eleza unavyojua asili ya kifaa hiki na jinsi kilivyofika kwenye jamii yako. Mtu mwenye akili angeandika mstari mmoja, kilikuwa chetu tangu zamani, nukta. Mimi Placida, kichwa maji, nikamwambia Baba, haya, sema. Akasema saa mbili nzima na mimi nikaandika kila neno, kwa sababu kwetu ukidai kitu unaanzia mwanzo: kilikujaje, kililetwa na nani, nani alikuwepo kuona. Ukiruka hatua moja wazee wanajua unadanganya.

Laiti ningedanganya.

Kitu chenyewe ni kengele. Ukiiona hutadhani ni kengele. Ni bomba la chuma, urefu wake mkono wa mtu mzima toka bega hadi kifundo, upana wa glasi ya chai, upande mmoja umechongoka na upande wa pili una kitako chenye mashimo matatu. Kijijini kwetu Chivuleni, kwenye vilima vya nyuma ya pwani ya Kenya, iliitwa Mgeni, kwa sababu ilikuja bila kualikwa. Ilikuwa enzi za babu yake Baba. Manowari za Kiingereza zilishusha askari pwani kumsaka mkubwa mmoja aliyekataa bendera yao, na askari wakapanda mpaka ng'ambo ya bonde letu, wakasimamisha mtambo, wakarusha kitu kilichokuja kinapiga mluzi na kutema moto. Kikaingia kwenye nyumba moja. Wakafa watu watatu: Mwaringa, mkewe Nyevu, na binti yao Sidi aliyekuwa bado hajaota meno.

Moto ulipozimika kikabaki chuma. Mhunzi alitaka kukifua majembe, wazee wakakataa. Wakapitisha kamba kwenye yale mashimo matatu, wakakitundika, na tangu siku hiyo mtu akifa Chivuleni, Mgeni alipigwa mara tatu. Moja ya Mwaringa, moja ya Nyevu, moja ya Sidi. Kisha mpigaji anataja jina la marehemu, na marehemu anahesabiwa amefika kwa wenzake. Asiyepigiwa, walisema, anabaki nje mlangoni.

Mwaka wa hamsini na tatu alikuja mkuu wa wilaya, Disii tuliyekuwa tukimwita, ameambiwa kuna chuma Chivuleni kinachotumika kupigia ishara za kiapo cha waasi. Akaja na askari wanne akakitungua. Baba alikuwa na miaka minane, na alikuwa amekaa chini yake akichezea majivu. Tangu siku hiyo Chivuleni hakuna aliyepigiwa. Mamake Baba hakupigiwa. Kakake Charo hakupigiwa. Mama yangu, Dama, tulimzika mwaka wa 2011, na Baba alisimama kando ya kaburi anafungua na kufumba vidole, mikono mitupu, mpaka watu wakadhani anaumwa.

Sasa figo zake zimechoka. Daktari hakuzunguka mbuyu, alituambia. Baba akasema basi anarudi Chivuleni, tukakata tikiti ya tarehe kumi na moja Juni, ya kwenda tu. Na alitaka kitu kimoja: Mgeni arudi naye, ili siku yake ikifika apigiwe. Hakutaka kuombwa radhi, hakutaka fidia. Alitaka kengele.

Mgeni nilimwona mimi mwenyewe, Januari, kwenye simu, ndani ya basi nikienda Peckham kutafuta unga na samaki wa kukausha. Makumbusho madogo, kusini mwa mto, jina sitaji, yalikuwa yametia picha za vitu vyao kwenye mtandao. Chini ya picha moja pameandikwa: kengele au chombo cha ibada, Afrika Mashariki, mtengenezaji hajulikani. Walikuwa wamemsimamisha juu chini kama chombo cha maua. Nilipitiliza kituo.

Mtunzaji wa vitu vile aliitwa Dipti. Wazazi wake walitoka Mombasa miaka hiyo, sasa wako Stanmore, na Kiswahili chake ni cha kujifunzia jikoni lakini hakina kutu. Siku ya kwanza alimwamkia Baba shikamoo mpaka mzee akasahau fimbo yake kwenye kiti. Alitupa ile fomu. Akasema, "Dada Placida, andika yote. Kamati inapenda maelezo kamili."

Basi nikaandika yote.

Aprili kamati ikajibu. Barua ya heshima, na mimi heshima za aina hiyo huwa zinanipandisha presha. Walisema habari ya familia yetu imewagusa sana, ila mtaalamu wao anatilia shaka kwamba kitu hiki ni roketi ya kivita, maana roketi za zamani zilikuwa na mti mrefu wa kuzinyoosha angani na hiki hakina hata pa kufungia mti. Kwa hiyo, wakasema, huenda masimulizi ya mzee yamechanganyika na ya kwingine.

Yamechanganyika. Baba yangu, aliyekaa chini ya hicho chuma.

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo. Angesema, sawa, si roketi, ni kengele yetu, tupeni. Lakini mimi nilisikia mtu amemwita baba yangu mwongo, nikawaka. Nilimpigia Dipti simu kila siku wakati wa mapumziko yangu. Nilimwambia kama hawaamini walete mtu anayejua hayo mambo, na si huyo mtaalamu wao wa vitabu. Akanisikiliza wiki mbili, mwisho akampata: Bwana Francis, Mwingereza mstaafu wa Woolwich, fundi mitambo maisha yake yote, ambaye kazi yake ya uzeeni ni kuunda upya mitambo ya kurushia roketi za kale kwenye banda la nyuma ya nyumba yake. Mkewe, alituambia mwenyewe, huning'iniza nguo zenye maji kwenye mojawapo.

Tulikutana Mei, kwenye chumba cha kuhifadhia vitu. Mgeni alikuwa amelazwa mezani juu ya sponji nyeupe. Hairuhusiwi kumgusa bila glavu. Baba alivaa glavu zake, akaweka kiganja juu ya chuma na kukiacha hapo, na mimi nikajifanya nasoma tangazo la kuzima moto.

Bwana Francis akaingia anasukuma kigari, na juu yake mtambo. Nilitegemea mzinga. Kumbe ni mfereji tu, chuma kilichokunjwa kama ule wa kupokea maji ya mvua kwenye paa, wazi mbele na wazi nyuma, umekaa juu ya miguu mitatu. Nikauliza, ndicho hiki tu? Akacheka, akasema ndiyo, na hapo ndipo penye ujanja wote. Alisema kwa Kiingereza, nami nawaambia kwa lugha yetu.

"Mzinga unalipukiwa na baruti ndani yake," alisema, "kwa hiyo lazima uwe mnene na mzito, na ukifyatuka unarudi nyuma kwa nguvu. Roketi inabeba baruti yake yenyewe na kuichoma njiani. Mtambo haubebi kishindo chochote. Kazi yake ni kuionyesha njia, basi. Ndiyo maana mabaharia wanne waliweza kuubeba mlimani mahali nyumbu wangeshindwa kuvuta mzinga."

Akaeleza kwamba zile za mwanzo kabisa zilikuwa kweli na mti mrefu, mrefu kuliko watu wawili, na zilirushwa kutoka kwenye kitu kama ngazi iliyoegemezwa. Upepo ukizipata zinapinda, na kuna siku ziliwarudia wenyewe. Baadaye fundi mmoja akauondoa mti. Akatoboa kitako mashimo matatu, na pembeni mwa kila shimo akaweka kisikio cha chuma, nusu duara. Moshi ukitoka kwa nguvu unasukuma visikio, roketi inazunguka, na kinachozunguka kinaenda kimenyooka kuliko kisichozunguka.

"Visikio," Baba akasema. Akainama juu ya Mgeni. "Dipti mwanangu, mwambie atazame visikio."

Bwana Francis akatoa miwani ya kukuzia. Vile visikio vitatu vilikuwa vimelika, vimeingia ndani na kulainika, kila kimoja mahali pale pale.

"Ni kamba," Baba akasema. "Miaka sitini ya kamba. Tulipitisha hapa, hapa na hapa, tukafunga juu. Alining'inia kichwa chini."

Bwana Francis akaomba ruhusa, akamwinua Mgeni kwa mikono miwili, akamlaza kwenye mfereji wake. Mgeni akakaa barabara. Hakubakisha nafasi ya kupitisha ukucha. Yule mzee wa Kizungu alifurahi, masikio yakawa mekundu, akaanza kutuonyesha: hapa unainua mguu wa mbele kupata mwinuko, hapa unapachika utambi wenye uzi, unarudi nyuma pembeni, unavuta. Kichwani hapakuwa na baruti ya kulipuka. Mgeni aliua kwa uzito na kwa moto.

"Mwenye kuvuta uzi alisimama mbali kiasi gani?" Baba akauliza.

"Hatua kumi hivi."

"Na nyumba aliiona?"

Bwana Francis akavua miwani. "Kama ilikuwa mchana, aliiona. Lakini si lazima aliilenga, mzee. Hizi zilikuwa zinakwenda zinakotaka."

"Basi ilitaka kwa Mwaringa," Baba akasema.

Dipti aliandika yote. Bwana Francis akatia sahihi kwamba hii ni roketi ya kivita isiyo na shaka, imetengenezwa na Waingereza, hapa hapa London, Woolwich, na kwamba alama za kamba zinathibitisha maneno ya mzee Fanuel, yaani Baba. Na mimi nikapiga makofi. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Tulirudi kwa treni ya DLR, nikamnunulia Baba samosa mbili za kituoni ambazo hatakiwi kula.

Baada ya siku tisa Dipti akanipigia. Nilikuwa kazini, namvisha soksi bibi mmoja. Nikajua kwa jinsi alivyoanza na habari za nyumbani, habari za kazi, habari za mzee.

"Sema tu, Dipti."

"Kamati imekubali kwamba ni roketi," akasema.

"Enhe."

"Sasa tatizo ni hilo. Sera ya kurudisha vitu inahusu vitu vilivyotengenezwa na jamii husika, au kwa ajili ya jamii husika. Hiki kimethibitika ni kifaa cha jeshi la Uingereza. Wanasema kilipotea vitani na kikapatikana tena. Kitahamia kwenye chumba cha silaha."

Nilikaa kitandani kwa yule bibi, soksi mkononi.

"Ngoja nielewe," nikasema. "Kilipokuwa hakijulikani ni nini, kingeweza kuwa chetu. Tulipowaambia ukweli na kuuthibitisha, kikawa chenu."

"Si changu, dada."

"Na hao watatu kilichowaua, nao ni mali ya jeshi? Maana walipatikana pamoja."

Nikaendelea, na sikupima maneno. Nilimwambia ametutumia. Nilimwambia Kiswahili chake cha Mombasa ni chambo, na sisi samaki. Nilimwambia shikamoo zake akawaamkie kamati. Alisubiri mpaka nikaishiwa pumzi, akasema kwa sauti ndogo, "Placida, mimi ni kura moja kati ya saba. Niliipiga kwenu." Halafu akasema wanashukuru sana kwa mchango wetu, na jina la familia litaandikwa kwenye orodha ya shukrani. Alilazimika kulisema hilo, najua. Nilikata simu hata hivyo. Yule bibi akaniuliza kwa nini nimemvisha soksi mbili mguu mmoja.

Baba nilimwambia jioni. Nilidhani atalia, au presha itampanda.

"Mtu akikurushia jiwe," akasema, "jiwe si linakuwa lako?"

"Kwa akili za watu, ndiyo. Kwa kamati, hapana."

"Basi." Akaendelea kusokota kamba yake. Alikuwa ameanza kuisokota Februari, katani aliyonunuliwa Peckham, na sebule yangu yote ilikuwa nyuzi nyuzi. Nilidhani ni ya kufungia masanduku. Siku hiyo iliniudhi kupita kiasi, nikamwambia masanduku ya siku hizi yana zipu.

Niliandika barua nne. Nilimwandikia mbunge, nikajibiwa na mashine. Nilimwandikia balozi. Nilikata rufaa kwenye kamati, wakasema rufaa husikilizwa Septemba. Nikawaambia Septemba baba yangu atakuwa hayupo. Wakaniuliza kama ningependa kuihamisha tarehe iwe Novemba.

Juni kumi, kesho yake ndiyo safari, Baba akasema twende akamuage Mgeni. Sikutaka. Nilisema, Baba, ya nini kujitonesha kidonda. Akavaa koti lake la kanisani na kunisubiri mlangoni.

Chumba cha silaha kilikuwa bado kinapangwa, wageni hawajaruhusiwa, lakini Dipti alitufungulia. Hatukuangaliana. Mgeni alikuwa katikati ya chumba, amelazwa kwenye mfereji wa Bwana Francis, miguu mitatu imetandazwa, kichwa kimeinuliwa kuelekea mlangoni. Yaani tuliingia na tukawa tumeelekezewa. Kioo cha kumfunika kingeletwa Ijumaa. Kibao kilikuwa tayari: roketi ya kivita ya karne ya kumi na tisa, ikiwa juu ya nakala ya mtambo wake, ilipatikana Afrika Mashariki, 1953. Ilipatikana, kama senti iliyodondoka chini ya meza. Mwaringa hayumo. Nyevu na Sidi hawamo. Mashimo matatu yameelezwa kwa mistari sita.

Nikaanza. Nilikuwa na mengi na nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye treni. Baba akanigusa mkono.

"Dipti mwanangu," akasema, "naomba nimwone kitakoni."

Dipti akavaa glavu, akamtoa Mgeni kwenye mfereji, akamgeuza. Baba akatia mkono ndani ya koti lake la kanisani na kutoa ile kamba. Akaipitisha shimo la kwanza, la pili, la tatu. Vidole vinavyoshindwa kufungua chupa ya dawa vilifunga fundo lile bila yeye kuvitazama. Miaka sabini na tatu, na kamba ililala pale pale chuma kilipolika.

"Nishikie," akamwambia. "Juu kidogo."

Dipti akaitazama kamera ya ukutani. Akanitazama mimi, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akazivua glavu ili kamba isiteleze, akamwinua Mgeni kwa mikono miwili mpaka usawa wa kifua, kichwa chini.

Baba akageuza fimbo yake akapiga kwa kichwa cha fimbo. Mara tatu, anasubiri sauti iishe kabla ya kupiga nyingine. Sikuwahi kuisikia maishani. Si sauti nzuri. Ni nzito na ina mkwaruzo ndani, na inakaa.

"Kadzo," akasema. Mamake.

Tatu tena. "Charo." Kakake.

Mlinzi akatokea mlangoni mbio, redio mkononi, anauliza kuna nini hapa, weka hicho kitu chini. Nikageuka kumvaa, lakini Dipti alinitangulia. "Subiri nje," akamwambia. "Hajamaliza."

Tatu tena. "Dama," Baba akasema, na jina la Mama akalirudia mara ya pili. Mimi nililia hapo. Nilidhani tumefika mwisho, nikasogea kumpokea Dipti mzigo.

Baba akainua fimbo. Akapiga moja, akasubiri. Akapiga ya pili, akasubiri. Akapiga ya tatu.

"Fanuel," akasema.

Mgeni alikuwa bado analia kidogo kidogo mikononi mwa Dipti.

"Baba," nikasema, "lakini wewe uko hai."

"Najua," akasema. "Lakini Mgeni haji, na mimi kesho naondoka."

Akaegemeza fimbo ukutani, akaanza kufungua fundo.